Yah: Ombi la mhandisi anayeitika

Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu ya Wilaya,

Shikamoo. Kwa umri ningekaa nikasubiri uniamkie, maana mwaka uliozaliwa wewe mimi nilikuwa tayari nafundisha darasa la nne. Lakini cheo hakina miaka, na anayeidhinisha malipo ndiye mkubwa. Naomba pia radhi kwa kukuita Mheshimiwa. Najua mtumishi wa umma huitwa Ndugu, na kwamba Mheshimiwa ni wa madiwani na wabunge. Nimejaribu kuandika Ndugu mara tatu, mkono ukakataa.

Barua hii ilipaswa kukufikia kwa njia yake: kupitia kwa Mwalimu Mkuu, kupitia kwa Mtendaji wa Kijiji, kupitia kwa Mtendaji wa Kata, kila mmoja akigonga muhuri wake. Ile ya kwanza niliipitisha humo humo Machi mwaka jana, na ninaamini bado inapita. Sina haraka nayo. Hii ya leo nimeiacha wazi ili usipate taabu ya kuifungua.

Mimi ni mwalimu mstaafu na katibu wa kamati ya ujenzi ya shule yetu ya msingi. Kama unavyofahamu kuliko mimi, chini ya fosi akaunti shule haina mkandarasi. Ina kamati. Kuna ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi; fedha huingia kwenye akaunti ya shule, mafundi tunawapata hapa hapa, mchanga tunausomba kwa trekta la jirani. Nausifu utaratibu huu bila kinyongo. Mwaka 2021, ulipokuja mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka IMF, ule tuliozoea kuuita fedha za UVIKO, ndio uliotumika kuinua madarasa 15,000 nchi nzima kwa miezi michache, kila moja kwa shilingi milioni 20. Milioni 20 kwa shule iliyo jirani na ghala la sementi, milioni 20 kwa shule ya kisiwani ambako mfuko unafika kwa mtumbwi. Silalamiki. Nastaajabu tu, kama mtu anavyostaajabu akiona kiatu cha namba moja kimewatosha wanafunzi wote.

Fedha za darasa letu nazo zilibaki kijijini, na hilo ni jema. Wamefaidi wafyatua tofali, kafaidi mama wa uji. Na kamati yetu, naomba uniamini, haikula. Mwenyekiti ni mfugaji asiyelala akidaiwa. Mtunza stoo ni mama muuza dagaa anayeweza kukuambia mifuko mingapi ya sementi imebaki bila kuingia stoo. Tuna katekista mmoja, kwa ajili ya hofu. Tulichokosa ni mtu wa kusoma ramani.

Ramani ilitoka TAMISEMI, safi, imepigwa chapa rangi mbili. Sijaona kosa ndani yake hata moja. Kosa lilikuwa kwa ardhi, ambayo haikuisoma.

Niruhusu hapa nikuchoshe kidogo, maana wewe ni mgeni wa udongo wetu. Wasukuma hawasemi udongo tu wakanyamaza. Wanasema luseni, ule wa kichanga wa juu mlimani. Wanasema itogolo, mgumu chini kama sahani. Wanasema mbuga, ule mweusi wa bondeni unaonata kwenye jembe. Kila mmoja una mazao yake na tabia zake. Mbuga masika hunywa maji ukavimba, kiangazi hukauka ukapasuka mianya ambayo mbuzi anaweza kuvunjikia mguu. Nyumba iliyokaa juu yake hupandishwa na kushushwa kila mwaka, na haipandishwi sawasawa pande zote. Mzee yeyote hapa atakwambia hivyo akiwa amefumba macho, na ndiyo sababu hakuna mzee aliyejenga kule. Eneo la shule liko mbugani humo, lilitolewa bure na kijiji, la kuchungia ng'ombe, na cha bure hakipimwi.

Ramani yetu ilikuwa na msingi wa aina moja. Fundi wetu, mtu mwaminifu, alichimba kama ilivyochorwa. Mhandisi angechukua tonge la udongo ule, akaliloanisha, akalifikicha viganjani mpaka likawa uzi mwembamba kama kamba ya kiatu. Akiona uzi unazidi kuwa mwembamba bila kukatika angejua ana mfinyanzi mkononi. Angesema: ondoeni huu, shusheni moramu mshindilie, au chimbeni chini zaidi, fungeni mkanda wa nondo hapa kabla ya ukuta. Kazi ya nusu saa, pamoja na kunawa mikono.

Ufa wa kwanza ulitoka kwenye kona ya dirisha mwezi wa nne baada ya kukabidhi. Ukapanda mshazari mpaka kwenye lenta. Sasa nyufa zipo saba, na wanafunzi wa darasa la tatu wamezipa majina ya mito. Ziwa bado hawajapata, lakini mvua za mwaka huu zinatia moyo.

Tafadhali usinielewe kwamba namsema Mhandisi wa Halmashauri. Namheshimu, na namhurumia. Mwaka 2017, wakala wa barabara, TARURA, ulipoanzishwa, wahandisi wengi wa halmashauri waliondoka na barabara zao, na waliobaki wakaachiwa kila kilicho na paa: zahanati, mabweni, nyumba za walimu, vyoo, na yale maboma ambayo wananchi wameyainua kwa nguvu zao mpaka usawa wa lenta yakawa yanangoja Serikali iyaezeke. Mtu mmoja, gari moja ambalo mara nyingi liko kwenye ziara nyingine. Kwetu alifika kenchi zikiwa juu tayari. Alitazama, akasaini kitabu cha wageni, akatushauri tupige lipu nzito. Kamati ilimchangia mafuta ya kurudia. Haikuwa rushwa, ulikuwa ukarimu. Ila ukarimu hauna fungu kwenye bajeti, na kwa hiyo kwenye daftari langu umeandikwa kokoto.

Naomba sasa nifike kwenye ombi, nikiwa nimevua kofia.

Gari la Serikali likiharibika, TEMESA ipo. Karatasi na wino vikiisha, wapo wazabuni wenye mikataba na wakala wa ununuzi, GPSA, wanaongoja kuagizwa, bei zao zinajulikana tangu mapema, hakuna haja ya kutangaza zabuni kwa ajili ya rimu mbili. Darasa likipasuka, nipo mimi. Je, haiwezekani Halmashauri yako ikawa na wataalamu wa namna hiyo hiyo? Wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi waliosajiliwa na AQRB, wahandisi waliosajiliwa na ERB, kampuni nne au tano, ndogo ndogo, mkataba wa miaka mitatu. Malipo ya kila ziara na ya kila saa yawe yameandikwa humo. Asiyeitwa halipwi, anayeitwa anakuja mwenyewe, hatumi muhuri. Si ajira mpya, kwa hiyo hutahitaji kibali cha kuajiri, ambacho najua kinakutoa jasho.

Sijabuni jambo hili kitandani. Halmashauri nyingi za Marekani zina orodha za wasanifu na wahandisi wa kuitwa hivyo, na Serikali yao kuu ina sheria tangu mwaka 1972, inayobeba jina la mbunge Jack Brooks wa Texas, inayotaka wataalamu hawa wachaguliwe kwanza kwa uwezo wao, ndipo bei ijadiliwe na aliyeonekana bora. Wakishindwana anaitwa wa pili. Nimeipenda busara yake. Msingi ni kitu cha ajabu kukinunua kwa bei ya chini kabisa, kwa sababu ukishafukiwa wote hufanana.

Lakini mahali mnunuzi anapochagua kwa uwezo badala ya bei, uwezo wa kwanza kuonekana huwa ni wa kujuana. Wamarekani hao hao wanamkumbuka Spiro Agnew. Alianza kama mkuu wa serikali ya kaunti ya Baltimore mwaka 1962, akawa gavana wa Maryland, akawa Makamu wa Rais. Na tarehe 10 Oktoba 1973 akajiuzulu umakamu na kuamua kutopinga shtaka la kukwepa kodi. Waendesha mashtaka walikuwa na ushahidi wa fedha alizokuwa akiletewa na wahandisi waliopewa kazi za umma, tangu siku zake za kaunti. Hakuna mtu aliyeibiwa sementi, Mheshimiwa. Ilikuwa ni nani anaitwa na nani haitwi, basi. Nataja kisa hiki kwa sababu kina uhandisi ndani yake, wala sikulinganishi na Makamu wa Rais wa nchi yoyote.

Kwa hiyo ningeomba, kama haitakuudhi, orodha hiyo ibandikwe pale kwenye mbao za matangazo za kata, pamoja na bei, na kazi zitolewe kwa zamu, kila aliyeitwa aandikwe na tarehe yake. Mfumo wa ununuzi wa NeST utaonyesha mkataba ulivyopatikana, na hilo ni zuri. Sisi tutaridhika na karatasi ya kawaida na pini nne.

Nimebakiza jambo moja, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Ukikubali yote haya na simu ya kumwita mtaalamu ikabaki mezani kwako, hatutakuwa tumefanya kitu. Najua simu yako: inaitwa na Mkuu wa Wilaya, na Katibu Tawala wa Mkoa, na TAMISEMI, na madiwani ambao ndio wanapitisha bajeti yako. Mimi nikipiga kutoka kwenye shimo la msingi nitasikia kwamba namba ninayopiga haipatikani. Ombi litaandikwa, litapanda kwa Mtendaji wa Kijiji, litapumzika kata, litafika masjala, na siku litakaposainiwa watoto watakuwa wamehamia sekondari. Naomba kamati ya ujenzi iwe na haki ya kumwita mtaalamu wa zamu moja kwa moja mara tatu kwa kila jengo, bila kuomba ruhusa: kabla jembe halijagusa ardhi, kabla zege la msingi halijamwagwa, na kabla bati halijapanda. Ziara hizo ziwe zimelipiwa ndani ya fedha za mradi tangu siku ya kwanza, kama nondo zilivyo ndani yake. Na akisema simama, tusimame, hata kama aliyepanga tarehe ya makabidhiano ni wewe.

Natambua kwamba sehemu hiyo ya mwisho ni nzito. Tarehe ya makabidhiano kwetu hutangulia ramani. Tulipojenga, tulipokea simu tano kuuliza tumefikia asilimia ngapi na hakuna hata moja iliyouliza tumesimama juu ya nini.

Utaniambia hakuna fungu, na nitaamini kwa sababu umesema wewe. Nitakumbuka tu kwamba Mwenge wa Uhuru ulipokaribia kupita, fungu la chokaa ya kupaka mawe ya kando ya barabara lilipatikana kati ya Ijumaa na Jumatatu. Mawe yalipendeza sana. Darasa letu halikuwekwa kwenye ratiba. Msafara ulipelekwa kwenye bweni la kata jirani, lililojengwa juu ya luseni na halina ufa. Tulipungia mikono.

Mwaka huu tumeletewa fedha za madarasa mengine mawili, nasi tunakushukuru kwa moyo wote. Eneo ni lile lile, ramani ni ile ile. Fundi yuko tayari kuchimba Jumatatu ya wiki ijayo, na mimi, kwa heshima zote, nimemwambia ana homa. Ni homa ambayo naweza kuirefusha kwa wiki mbili, labda tatu kama katekista atanisamehe.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Katibu wa Kamati ya Ujenzi

Nakala: Mtendaji wa Kijiji, Mtendaji wa Kata, ubao wa matangazo wa shule.

Kiambatisho: Kipande kimoja cha lipu, kutoka darasa la tatu, ukuta wa mashariki. Usihangaike kukirudisha, vipo vingine.