Namna ya Kutengeneza Vali Isiyo na Kitu

Kwanza, fukuza pampu. Diski ya maabara yenye ukubwa wa CD haiihitaji: dondosha damu karibu na tundu la katikati, washa mota, mzunguko wenyewe utaisukuma kuelekea ukingoni. Kurudi hakuna. Kipimo chote, tangu kuchuja hadi kusoma rangi, lazima kitoshe kwenye sentimita tano na ushee zilizopo kati ya tundu na ukingo. Ukiulizwa wazo ni la nani, mtaje Norman Anderson wa Oak Ridge, Marekani, aliyekuwa akizungusha sampuli na vitendanishi kwenye rota tangu miaka ya 1960.

Shida si kuisogeza damu, ni kuisimamisha. Mwenye fedha angefunga vali yenye koili na waya. Wewe una mwanafunzi wa uzamili na mashine ya kukatia plastiki, kwa hiyo tengeneza vali isiyo na kipande kinachocheza: chora mfereji mwembamba, kisha uupanue ghafla. Kimiminika kikifika kwenye kona hiyo husita, maana mvutano wa uso wake hautaki kutanuka. Kitangoja hapo mpaka shinikizo la mzunguko likishinde.

Sasa piga hesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo sehemu pekee itakayokwenda sawa. Safu ya maji ya milimita 10, iliyo milimita 30 kutoka katikati, ikizungushwa mara 1,000 kwa dakika, hutoa takriban paskali 3,300. Mfereji wa mviringo wenye kipenyo cha maikromita 100 huzuia, mambo yakiwa mazuri kupita kiasi, paskali 2,900 hivi. Andika kwenye ripoti kwamba vali hufunguka kwenye mizunguko 936. Usiandike “karibu 900”; tarakimu ya mwisho ndiyo inayoleta heshima.

Kisha acha vijinyuzi vya plastiki mdomoni mwa mfereji, na gundi ya mkanda ichungulie pembeni. Kila diski itakuwa na namba yake ya kufungukia. Jaribu kwa maji yenye rangi ya chakula tu, yanapendeza pichani. Dawa ya kupasulia chembe ina sabuni, na sabuni hushusha mvutano wa uso. Itapita kwenye vali yako bila hata kubisha hodi. Hilo liache mpaka baada ya ufadhili.

Ukitaka hatua tano mfululizo, vali ya pili ifunguke kwa kasi kubwa kuliko ya kwanza, ya tatu kuliko ya pili, na zote ziachiane nafasi ya makosa. Ya tano itakuwa imekwisha kuila mota yako yote.

Ndipo utakapogundua sifoni, vali inayofunguka ukipunguza mwendo. Mfereji unapindwa, kilele chake kikielekea katikati ya diski, na mdomo wake unaanzia juu kidogo ya mahali chembe nyekundu zitakapojikusanya. Kwa kasi kubwa chembe hukimbilia ukingoni, na plazima hubaki upande wa ndani bila kufikia kilele. Simamisha diski: kapilari huivuta plazima taratibu mpaka ikivuke kilele. Zungusha tena, nayo itajinyonya yenyewe kama petroli kwenye mpira wa dereva, ikiacha chembe nyuma. Ni werevu mtupu, na nasema hivi bila kejeli.

Ila plastiki nyingi za diski hazipendi maji kiasi cha kutosha, na kapilari bila mapenzi hayo haipandi. Utapiga uso wa mfereji kwa oksijeni iliyotiwa umeme, na maji yatautambaa vizuri ajabu. Baada ya siku kadhaa uso huanza kurudia tabia yake ya zamani. Basi video ya sifoni irekodi asubuhi ile ile. Diski zitakazobaki zifungie kabatini. Mwanafunzi ajaye atahitaji mada ya tasnifu.