Mhadhara wa Bingwa wa Picha za Vita Mbele ya Kikao cha Ukoo

Wazee wangu, wajomba, mashangazi, wakwe mliovutwa hapa na harufu ya pilau, na ninyi vijana mlioganda karibu na soketi ya umeme: kaeni sawa. Aliyesimama mbele yenu ni Bingwa wa Elimu ya Picha za Vita kwa Nyanda zote za Juu Kusini. Cheo hiki sikupewa na chuo chochote. Vyuo vilichelewa, nami sina mazoea ya kupanga foleni.

Picha ndiyo hii. Itazameni kwa macho, mikono iacheni mapajani. Huyu ni Babu yetu, ndani ya sare ya Keya, yaani askari wetu wa jeshi la Mwingereza, mkono mmoja umeegemea kiti, nyuma yake minazi. Mtu wa kawaida ataishia kusema, "Ni Babu." Mimi nasema hii ni Vita Kuu ya Pili imeingia studio kupigwa picha.

Utafiti huanzia kichwani. Askari wa Mjerumani, wale waliozunguka na kamanda wao von Lettow-Vorbeck tangu 1914 hadi wakasalimu amri Abercorn mwezi Novemba 1918, walivaa tarbushi ya kaki yenye tai mbele. Babu hana tarbushi wala tai. Amevaa kofia pana iliyokunjwa ukingo upande mmoja, ile ya vijana wetu waliopelekwa Burma. Nimemsikia kijana akinong'ona kwamba Babu alizaliwa vita ya Mjerumani imekwisha, kwa hiyo habari ya tai haikuhitajika. Mwanangu, njia ya mtaalamu ni ndefu, ndiyo maana posho yake ni nene.

Tushuke begani. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilivaa alama ya kichwa cha kifaru. Hao walifanya mazoezi Ceylon, mwaka 1944 wakateremka Bonde la Kabaw wakati wa mvua, magari yakizama kwenye tope na malaria ikiwasindikiza, hadi Desemba wakaingia Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin. Wenzao wa Divisheni ya 81 ya Afrika Magharibi walichagua buibui. Sasa, begani kwa Babu pana doa. Nimelichunguza kwa lenzi, nikalichunguza kwa tochi, nikalichunguza tena baada ya chai. Ni kifaru. Mke wa mjomba anasema ni kutu ya pini iliyoshikilia picha ukutani tangu yeye hajaolewa. Namshukuru. Anasema hata tundu la pini lipo. Tundu lipo kweli, nalo ni jicho la kifaru.

Juu ya mfuko wa kushoto kuna utepe wa nishani. Utepe wa Nyota ya Burma ni wa buluu iliyokolea, wekundu mpana katikati, na kistari cha rangi ya chungwa kila upande. Picha yetu ni nyeusi na nyeupe, jambo ambalo huwasumbua wanaoanza. Mimi chungwa nimeliona. Mjukuu wetu mwalimu wa historia amesimama, bila kuombwa, kunikumbusha kwamba nyota hiyo ilianzishwa 1945, ilhali mimi nimetamka kwamba picha ilipigwa Ceylon mwanzoni mwa 1944. Jibu ni jepesi: Babu alikuwa mtu wa kujiandaa mapema.

Na Ceylon nimeijuaje? Kwa minazi. Msinieleze habari za maturubai, nazijua. Najua wapiga picha wa zamani walitundika nyuma ya mteja kitambaa kilichochorwa minazi, au bahari, au ngazi za jumba la kifahari. Najua mtu aliweza kuazimwa koti na saa ya mkononi, akavirudisha kabla hajatoka mlangoni. Lakini minazi hii imeinama Kiceylon kabisa.

Miguu haipo. Aliyeitia picha kwenye fremu aliikata chini ili ienee, akaondoka na ushahidi. Kabla ya vita Keya aliandamana miguu mitupu, buti zikaja baadaye. Vidole tu vingetupa fununu ya mwaka. Kwa nyuma kulikuwa na muhuri wa studio, nao umebanduka na gundi. Tuendelee, nisije nikataja jina la mtu.

Mfukoni kunachungulia chuma kirefu. Fundi wetu wa magari anasema ni spana. Hapo shangazi akapata nguvu, akasema kwa sauti kwamba Babu alikuwa dereva wa lori la jeshi, alibeba mafuta na unga kwenda Uhabeshi, na Burma hakuiona hata kwenye ramani. Shangazi, kwa heshima zote. Ni kweli kwamba mwaka 1941 majeshi yaliyotoka Kenya yaliingia Mogadishu mwezi Februari na Addis Ababa mwezi Aprili, na kwamba vita viliburuzwa hadi Gondar mwezi Novemba. Ni kweli hakuna jeshi linalokwenda umbali ule kwa ujasiri mtupu. Mtu lazima awaletee petroli, maji na chakula mahali pasipo na njia. Lakini ukoo gani unajitapa kwa unga? Dereva tunaye tayari, na ndiye aliyegonga daraja. Chuma kile ni silaha ya siri.

Tena nina ushahidi mzito. Nimeingia kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, nikatafuta jina la Babu kwa tahajia zote. Hayumo. Nikatazama mnara wa Taukkyan, nje ya Rangoon, wenye majina karibu 27,000 ya wasio na kaburi linalojulikana. Hayumo. Nikafuata habari za Khedive Ismail, meli iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ikazamishwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944, wakafa watu karibu 1,300, wakiwamo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Hayumo. Mtu asiyeonekana popote pale alikuwa na kazi gani, kama si ya ujasusi? Kuna anayedai kwamba orodha hizo ni za waliokufa vitani tu, na kwamba Babu alifariki 1983 katika chumba kile cha pili, akiwa ameshiba. Naam! Aliificha hata Tume.

Msinitajie pia akina Sykes wa Dar es Salaam. Kleist alikuwa jeshini kwa Mjerumani, wanawe Abdulwahid na Ally wakaenda Burma na Mwingereza, na habari zao zinajulikana kwa sababu kuna waliokaa wakaziandika. Sisi hatukuandika. Ndiyo maana mnanihitaji mimi.

Kilichobaki ni nauli. Kule Kew, London, kuna shajara za vita za vikosi. Za upande wa Burma zimo kwenye mafaili yenye alama WO 172. Shajara hizo huwataja maofisa kwa majina na askari wetu kwa idadi, kwa hiyo nitahitaji miezi kadhaa ya kusoma na koti zito. Mwalimu anauliza nitaifungua shajara ipi bila kujua kikosi. Swali la kitoto. Kikosi na namba ya askari huwa kwenye cheti chake cha kuachishwa jeshi, na cheti cha Babu, kwa maneno ya shangazi, kimo kwenye sanduku la bati uvunguni mwa kitanda cha shangazi mwenyewe. Sijalifungua, kwa makusudi. Mtaalamu akianza na jibu, mhadhara unakuwa mfupi.

Shangazi, mbona unasimama? Kijana, mpe shangazi soda. Huo ufunguo ni wa nini? Jamani, bado sijafika kwenye vifungo vya koti, navyo ni vitano! Fundi, nawe wamfuata wapi? Basi niachieni tochi yangu!