Kisu Kimetoka, Ubishi Umebaki
Barua kutoka Sussex, Uingereza

Ndugu zetu wa nyumbani, habari kubwa ya huku ni kwamba Waingereza wanashindana mbio kwa mashine za kukatia majani. Msidhani wanashindana nani atamaliza uwanja kwanza. Majani hayaguswi. Sharti la kwanza la kuingia mashindanoni ni kung'oa visu vyote, mashine ibaki haiwezi kukata hata mchicha. Kwetu mwanafunzi aliyechelewa namba alipewa fyekeo na kuoneshwa kona yake ya uwanja. Huku mtu mzima, mwenye wajukuu na mkopo wa nyumba, anavaa helmeti, anapanda kile kilichonunuliwa kwa ajili ya kufyekea, na kupotelea konani kwa mwendo wa kilomita zaidi ya 60 kwa saa. Majani ya nyumbani kwake yamefika magotini.

Mchezo wenyewe ulizaliwa mwaka 1973 kwenye baa ya Cricketers Arms, kijiji cha Wisborough Green, West Sussex. Jim Gavin na wenzake walikuwa wanatafuta mbio za magari zisizohitaji mtu auze nyumba. Wakatazama nje, wakaona karibu kila bustani ina mashine yenye injini, na mwenye nayo anaitumia mara moja kwa wiki. Ndipo kikaanzishwa chama, na hadi leo chama hicho hakitoi zawadi ya fedha wala hakitaki wadhamini. Kinachobaki hupewa mashirika ya hisani. Mwaka 1978 wakaongeza mbio za saa 12 zinazokesha usiku kucha. Mtu asicheke haraka: Stirling Moss, dereva mkubwa wa Formula One, aliwahi kuzishinda, na Derek Bell, bingwa mara 5 wa Le Mans, naye amewahi kukesha akizunguka shambani juu ya mashine hizo.

Lakini utamu wenyewe hauko kwenye mbio. Uko pembeni, kwenye mahema, wazee wanapobishana injini ikae wapi na ielekee upande gani.

Ili kuwaelewa, yafaa kuanza na fundi Edwin Budding wa Stroud. Mwaka 1830 alichukua wazo la mtambo wa kiwanda cha nguo, uliokuwa unanyoa manyoya ya kitambaa cha sufu, akatengeneza mashine ya kunyoa majani. Visu vyake vilijipinda kuzunguka pipa lililolala kukingama njia. Injini zilipokuja kufungwa kwenye mashine za namna hiyo, krenki, yaani shafti kuu ya injini, nayo ikalala vilevile, na cheni ikapeleka nguvu moja kwa moja kwenye pipa na kwenye rola. Mpaka sasa mashine hizo zina kundi lao katika mbio za Uingereza: dereva anaketi kwenye kiti kinachokokotwa nyuma ya rola, ameshika mikono ya mashine kwa nguvu zote.

Baadaye ikaja aina ya pili, mashine zenye kisu kimoja au viwili vinavyozunguka vikiwa vimelala bapa chini ya tumbo la mashine. Kisu kikilala, shafti yake lazima isimame. Ndiyo maana mashine nyingi za kupandwa na dereva zinazouzwa madukani zina krenki iliyosimama wima kama upekecho kwenye chungu, flaiwili juu, puli chini, na pistoni inakwenda na kurudi ikiwa imelala ubavu.

Hapo ndipo kichekesho kilipo. Mashindanoni kisu kimetolewa, kimetundikwa gereji, lakini kila kitu kwenye mashine bado kinamtii marehemu.

Mtu akipiga magoti na kuchungulia chini ya mashine ya mashindano, atauona msiba wote. Injini iko mbele, chini ya boneti. Puli yake imetokeza chini ya chesisi. Kutoka hapo mkanda unapita chinichini hadi nyuma, unakutana na puli ya giaboksi, nayo imelala bapa vilevile. Ndani ya giaboksi nguvu inapindishwa pembe mraba ndipo iweze kuzungusha ekseli. Kuna puli ndogo ya pembeni inayoukaza mkanda dereva akiachia pedali na kuulegeza akikanyaga; hiyo ndiyo klachi. Fundi anataka kuishusha mashine iwe karibu na ardhi isipinduke konani, lakini akiishusha mno, puli na mkanda vinaanza kulima. Akiiacha juu, kona inamtupa nje. Basi anafunga matairi madogo, anatanua ekseli ya mbele, anapima na rula, analaani, anapima tena.

Kwenye puli hizo ndiko mwendo unakotoka. Tuseme puli ya injini ina inchi 3 na ya giaboksi ina inchi 6: giaboksi itazunguka nusu ya mizunguko ya injini. Zikibadilishana nafasi, itazunguka mara mbili yake. Mashine iliyokuwa inajikokota kilomita 8 kwa saa, kwa hesabu ya karatasi, imefika 32, na injini haijaguswa.

Wapo wanaojiuliza kwa nini basi injini isilazwe tu. Jibu liko kwenye oili. Injini ya krenki wima imeundwa oili itulie chini ya krenki na kurushwa kutoka hapo. Ukiilaza, oili inahamia pasipo pake, kabureta nalo linalala ubavu, na boya lake halijui tena juu ni wapi. Itawaka kidogo, itatoa moshi mweupe wa kutosha kufukuza mbu wa kata nzima, kisha itakaa kimya.

Kinachofaa ni kutafuta injini iliyozaliwa na krenki ya kulala, kama kanuni za kundi lako zinaruhusu. Hiyo inafungwa kukingama chesisi, na cheni inakwenda moja kwa moja nyuma. Ila nayo ina fitina yake. Injini nyingi ndogo, ukiitazama ncha ya shafti inayotoa nguvu, huzunguka kinyume cha saa. Ncha hiyo ikielekea kushoto kwa dereva, matairi yanakwenda mbele. Ikielekea kulia, na hakuna gia ya kugeuza, bendera ya kuanzia inashushwa na bwana mkubwa anaondoka kinyumenyume, akiwaangalia migongo wale aliokusudia kuwaacha.

Suala la uzito nalo halina mshindi. Injini ikiwa mbele, usukani unashika vizuri ila matairi ya nyuma yanateleza kwa wepesi. Ikirudishwa nyuma, matairi yanang'ata, lakini mashine ni fupi, na ikikanyagwa mafuta inanyanyua pua na usukani unakuwa pambo.

Honda walilikata fundo hilo mwaka 2014 kwa njia ya matajiri. Walichukua injini ya pikipiki ya Firestorm, wakaiweka chini ya umbo la mashine ya bustani, ikakimbia kilomita 187 kwa saa nchini Hispania. Kwa kuwa rekodi ya dunia ya mwendo waliyoifuata ilidai mashine iweze kukata majani, kazi hiyo walizipa mota mbili ndogo za umeme. Kazi ya kukata ilipopata mota zake, injini ikawa huru kulala itakavyo. Mwaka 2019 wakarudi na injini ya pikipiki ya Fireblade huko Lausitzring, Ujerumani. Dereva Jess Hawkins akatoka sifuri hadi kilomita 160 kwa saa ndani ya sekunde 6 na ushee.

Vijana mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, watakaoisoma barua hii wasihangaike kuagiza chochote kutoka huku. Injini za pampu za kumwagilia zilizojaa madukani, zile za mtindo wa Honda, krenki yake tayari imelala. Wahakikishe tu ncha ya shafti inaelekea kushoto, wafunge waya wa kuzimia injini mkononi mwa dereva kama wanavyolazimishwa wa huku, na kabla ya kufungua nati ya kwanza wamwambie mwenye pampu, maana bamia zake zinasubiri maji ya jioni.