Mwongozo wa Katibu Mvivu

Komredi katibu, pongezi kwa kuchaguliwa. Hali yako naijua. Mwenyekiti ameahidi tovuti mbele ya mkutano mkuu, mweka hazina hajatoa hata shilingi, na wewe una mitihani. Unataka sifa ya tovuti bila kazi ya tovuti. Vizuri, tutaelewana. Fuata hatua hizi na utalala usingizi mnono huku watu kutoka Molo hadi Gilgil wakiamini kuna ofisi nzima nyuma ya jina lenu.

1. Ahidi kidogo

Fungua tovuti ya kikundi chochote kilichonyamaza. Juu kuna picha ya vijana waliovaa fulana za kufanana. Chini yake maandishi mekundu yanatembea kutoka kulia kwenda kushoto: karibuni tupande miti mwezi wa Aprili. Aprili ya mwaka gani, haijulikani. Kuna ukurasa wa "Habari" wenye habari moja tu, na "Neno la Mwenyekiti" la mwenyekiti aliyehitimu zamani. Anayesoma hasemi kwamba mna shughuli nyingi. Anasema mmekufa.

Basi usiweke ukurasa wa habari. Usiweke "Matukio Yajayo". Ukijua hutaandika kila wiki, usijenge mahali panapodai uandike kila wiki. Weka ukurasa mmoja wenye mambo matano: ninyi ni nani, mnafanya nini, mnakutana wapi na lini, mtu anajiungaje, na anawapataje. Hayo ndiyo fresha aliyeshuka Njoro na sanduku lake anayoyatafuta, na ndiyo mama wa Kaptembwo anayetaka kikundi cha kumsaidia mwanawe anayoyatafuta. Wakiyapata kwa dakika moja, umewatendea haki kuliko tovuti yenye kurasa thelathini.

Kisha andika kwa namna isiyochakaa. "Tutakutana Jumatano tarehe 4 Machi" inazeeka Alhamisi asubuhi. "Tunakutana kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa kumi na moja jioni" inaweza kukaa miaka kumi. Usiseme mna miaka mitano. Sema mlianza mwaka gani. Chuo cha Egerton kikisema kilianza 1939 kama shule ya kilimo na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1987, hakuna anayehitaji kuirekebisha sentensi hiyo kila Januari. Aliyeandika "mji wa Nakuru" kwenye kila ukurasa alijipatia kazi tarehe 1 Desemba 2021, Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji. Aliyeandika "Nakuru" peke yake aliendelea na chai yake.

2. Wengine wafanye kazi

Sasa, kama kikundi chenu kina matukio mengi kweli, usiyaandike wewe. Hapa mfano bora uko nyumbani. Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba, Bonde la Ufa lilikuwa linawaka na hakuna aliyejua kwa hakika kinachotokea wapi. Ory Okolloh alitoa wazo la ramani ambayo wananchi wenyewe wangeijaza, na wenzake, wakiwemo David Kobia na Erik Hersman, wakaijenga kwa siku chache. Ndiyo Ushahidi. Mtu alituma taarifa kwa ujumbe wa simu au kwa fomu, na baada ya kukaguliwa ikatokea kwenye ramani. Hakuna aliyeombwa kujifunza kutengeneza tovuti. Aliombwa aseme nini kimetokea, na wapi.

Iga hivyo hivyo. Fungua kalenda ya Google ya kikundi, iweke ndani ya ukurasa wenu, na uipange ionyeshe yajayo tu. Wape wasimamizi wa kamati ruhusa ya kuongeza tukio kupitia simu zao. Tukio likipita, linajiondoa lenyewe na wewe hukugusa kitu. Orodha ndefu, kama ratiba ya mechi au bei za miche kwenye kitalu, iweke kwenye jedwali la Google Sheets na tovuti isome kutoka huko. Mtu yeyote anayeweza kujaza daftari la mahudhurio ataweza kujaza hilo jedwali. Kazi yako inabaki ya kutupa jicho mara moja kwa wiki, upesi, ukiwa kwenye foleni ya matatu.

3. Mwenyekiti apewe picha yake

Atataka picha yake juu kabisa. Usibishane naye. Mpe, tena kubwa. Lakini weka majina na picha zote za viongozi mahali pamoja, na kwingine kote taja vyeo tu: "mwone katibu", "mpigie mweka hazina". Sheria ya Vyuo Vikuu iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2016 inawapa viongozi wa baraza la wanafunzi mwaka mmoja, na wanaweza kurudi mara moja tu. Vikundi vingine vidogo navyo hufuata mtindo huo huo. Nyuso zitabadilika, hilo halina shaka; tengeneza mambo ili ubadilishe sehemu moja, si kumi na mbili.

Na hapa pana ujanja ninaoupenda kuliko wote. Fungua sehemu iitwayo "Waliotangulia" uwaorodheshe viongozi wa zamani pamoja na miaka yao. Kiongozi anayeondoka halalamiki kwamba amefutwa, maana hakufutwa, amepandishwa. Atawatumia jamaa zake wote kiungo cha ukurasa huo. Utapata wageni wa bure, na kikundi kitapata kumbukumbu ambayo wengi hawana hata kwenye karatasi.

Picha yenyewe ipunguze. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye simu mpya inaweza kufika megabaiti nne au zaidi. Weka kumi za hivyo na msichana wa Kuresoi aliyenunua bando la shilingi 20 atafunga kabla hajaona jina lenu. Njia ya mkato: jitumie picha kwa WhatsApp kwanza, kwa ubora wa kawaida. Itapunguzwa njiani. Ihifadhi, kisha ipandishe hiyo. Pia chagua picha ambayo fulana hazina mwaka.

Watoto usiwaweke bila ridhaa ya wazazi, hata kama walitabasamu vizuri. Sheria ya Kulinda Data ni ya mwaka 2019, na Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru faini ya zaidi ya shilingi milioni nne na nusu kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa hiyo. Piga picha ya miche, mikono yenye udongo, ukingo wa Menengai. Vitu hivyo havihitaji sahihi ya mzazi.

4. Mkatalie fundi hodari

Atatokea mwanafunzi wa kompyuta, kijana mzuri, aseme atawajengea tovuti kuanzia mwanzo, kila mstari kwa mkono wake. Atafanya kweli na itapendeza kweli. Kisha ataenda kwenye mafunzo ya kazini Mombasa, na siku nambari ya simu ya kikundi itakapobadilika hakuna kiumbe Nakuru nzima atakayeweza kuirekebisha. Mshukuru, mpe kazi ya nembo na rangi, na jina lake liandikwe chini kabisa.

Wewe chukua chombo kilichozoeleka. WordPress iko tangu 2003 na mafundi wake hawakosekani, lakini inataka kusasishwa mara kwa mara, na ikiachwa wezi wa mtandaoni huingia. Katibu mvivu mwenye ukurasa mmoja atumie Google Sites: haina ada, na ulinzi wake haukuhusu. Haitamshangaza mtu kwa urembo. Itakuwepo mwaka ujao, na hicho ndicho unachotaka.

Ukimaliza, mpe simu mwanachama aliyejiunga juzi na umwambie: badilisha nambari ya mweka hazina. Nyamaza. Usimwelekeze kwa mkono wala kwa macho. Akiuliza swali, tovuti bado ni ngumu. Rahisisha hapo alipokwama.

5. Funguo

Hapa sitakuruhusu uvivu wowote, maana hapa ndipo vikundi vingi hupoteza kila kitu. Jina la tovuti hununuliwa kwa barua pepe ya mtu mmoja na kwa simu ya mtu mmoja. Mtu huyo anahitimu, anabadilisha laini, na jina linaondoka naye. Kikundi kinaanza upya kwa jina jipya, na mabango ya zamani yanaelekeza watu kusikokuwa na mtu.

Fungua barua pepe ya kikundi, si yako. Jina la kuishia .or.ke, ambalo KENIC imelitenga kwa mashirika yasiyo ya faida, lisajiliwe kwa barua pepe hiyo. Siku mkifanya harambee na pesa zipo, lipia miaka kadhaa kwa mpigo kabla hazijaenda kwenye soda. Nambari ya simu ya kurejesha akaunti iwe ya mlezi wa kikundi, ambaye hahitimu. Wasimamizi wawe wawili wakati wote. Andika karatasi moja: jina limenunuliwa wapi, linaisha lini, akaunti ni zipi. Nywila zikae kwenye bahasha iliyofungwa kwa mlezi. Karatasi hiyo iwe kitu cha kwanza kukabidhiwa siku ya kupokezana uongozi, kabla ya muhuri na kabla ya hotuba.

6. Mkifa, mfe vizuri

Vikundi hufika mwisho, wala si aibu. Usiache tovuti ikiendelea kuwakaribisha watu kwenye mikutano isiyokuwepo. Futa fomu ya kujiunga na nambari ya malipo, mtu asije akatuma ada kwa kikundi kisichokuwepo. Weka sentensi moja juu: kikundi hiki kilifanya kazi kuanzia mwaka fulani hadi mwaka fulani. Ifuate orodha ya mliyoyafanya na mahali pa kupata msaada wa aina hiyo sasa. Nenda kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, weka anwani yenu, uagize nakala ihifadhiwe, haitozi kitu. Halafu jina msiliachie haraka. Majina yaliyoachwa huokotwa na watu wa kamari, na barua za zamani za kikundi zenye anwani hiyo zitawapeleka wazazi kwenye matangazo ya kubashiri mechi. Lipieni mwaka mmoja au miwili zaidi, waambieni walioweka kiungo chenu wakiondoe, na mlezi akae na bahasha mpaka muda huo uishe.