Taja Bei, Fundi

Mtu akisimama barazani kwangu huwa na maswali mawili. La kwanza ni "Fundi yuko wapi?" Nikimjibu kwamba fundi ni mimi, hutazama nyuma yangu, kisha chini ya meza, pengine kuna mwanamume kajificha huko na nyundo yake. Hilo nimelizoea, huishia kwa kicheko na mashallah. La pili ni "Hii ngapi?" Hilo ndilo linalonikausha mate.

Nashona ngozi hapa Kikwajuni, mjini Unguja: mikoba, mikanda, pochi, makubadhi ya harusi na ya kwendea msikitini. Kushona najua. Lakini nikitakiwa kutaja bei, nakuwa kama mtoto aliyeulizwa nani kavunja chungu. Macho chini, sauti inakwama, na kinachotoka mwishowe ni nusu ya nilichokusudia. Hata hiyo nusu naifuatisha na "lakini tutazungumza", kabla mteja hajafungua mdomo kulalamika.

Nao wateja wa siku hizi wana mitihani yao. Siwalaumu. Ukipita Darajani, au Kariakoo kule Dar, utakuta mikoba ya plastiki iliyopigwa mashine mpaka ikawa na vitundu vya vinyweleo, na mwenye duka anakuapia kwamba ni ngozi tupu. Kwa hiyo mtu anakuja kwangu keshajizatiti. Yuko wa kunusa. Yuko wa kukwaruza kwa kucha. Yuko anayetia mate kidoleni na kupaka, akangoja kuona kama yatanywewa. Halafu kuna watu wa moto.

Mtihani wa moto ni wa kweli, sitaukana. Ngozi ikiungua hujikunja na kunuka nywele zilizobabuka. Plastiki huyeyuka, ikatiririka, ikanuka ndoo. Kasoro yake ni kwamba mtihani ukishakwisha, kilichotahiniwa kimeshaungua. Bwana mmoja wa kanzu iliyopigwa pasi na saa inayometa aliniomba mkoba wa kutilia makaratasi. Nikampa, nikageuka kumrudishia mtu mwingine chenji. Nikasikia "tiki", kibiriti cha gesi. Kugeuka, ncha ya mkanda inafuka moshi.

"Wallahi ni ngozi!" akatangaza, na waliokuwa barazani wakaitikia, maana harufu ilikuwa imewafikia. Akaugeuza ule mkanda huku na huku, uso ukabadilika. "Lakini bibie, hapa pameungua. Kitu chenye ila kama hiki utaniachia ngapi?"

Nikampunguzia. Naandika haya mkono ukitetemeka, lakini nilimpunguzia.

Mtoto wa kaka yangu, anayesoma mambo ya hesabu chuoni, ndiye aliyesikia kisa hiki na kuamua kwamba shangazi yake anahitaji kuokolewa. Akaja na kompyuta, akakaa juu ya ndoo ya rangi, akaanza kunihoji kama karani wa kodi. Mkoba mmoja wa begani unakula ngozi kiasi gani? Futi sita za mraba, nikamwambia, pamoja na vipande vinavyopotea. Maana ng'ombe hakuumbwa mraba. Ngozi ya mgongoni ni ngumu na imara, hiyo ndiyo ya mikanda. Ya tumboni hulegea, ukiining'iniza mkanda wake utamfika mtu magotini. Na huyo ng'ombe wa Bara maisha yake yote kapita kwenye miba, kanyonywa na kupe, na mwenyewe kampiga chapa ya moto ubavuni, pale pale ambapo ngozi ingekuwa safi kuliko popote. Hivyo vyote nimevilipia kwa bei ile ile ya futi.

"Elfu sita mara sita," akasema bila kuinua kichwa. "Thelathini na sita. Endelea."

Bizimu, pete, zipu, uzi, nta, gundi: elfu kumi na nne. Kodi ya chumba na umeme, tukaukatia mkoba elfu sita. Halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza. "Na wewe je?"

"Mimi vipi?"

"Wewe unalipwa ngapi?"

Nikamwonesha ninavyoshona, labda angeelewa kwamba hiyo ni raha yangu. Uzi mmoja, sindano mbili, moja kila ncha. Natoboa kwa msharasi, sindano ya kushoto inapita, ya kulia inapita tundu lile lile ikitokea upande wa pili, navuta zote mpaka uzi unalia juu ya nta. Kisha tundu jingine. Mshono wa mkono kwa namna hii, uzi ukikatika mahali pamoja, pengine pote panashika. Wa cherehani ukikatika huanza kufumuka kama uvumi. Uzi wenyewe naukata mara nne ya urefu wa mshono, maana nusu yake huishia ndani ya unene wa ngozi. Na kidole changu cha shahada kina mfereji ambao hakuna mafuta yanayouziba.

Aliangalia muda mrefu, kwa heshima. Kisha akaandika: siku mbili, elfu ishirini na tano kwa siku, sawa na fundi mwashi. Akaongeza faida asilimia 20. Jumla ikatoka laki moja na ishirini na saba elfu na mia mbili.

"Ulikuwa unauza ngapi, shangazi?"

"Sitini."

Akapiga hesabu tena, polepole. Kwa sitini elfu, nikishatoa ngozi, vikorokoro na kodi, nilikuwa nabakiwa na elfu nne kwa kazi ya siku mbili. Kijana wa mkokoteni pale sokoni hupata zaidi ya hizo kabla ya adhuhuri, naye habebi lawama ya kwamba mkokoteni wake si halisi.

Basi nikafanyishwa mazoezi. Asubuhi mbele ya kioo: "Laki moja na ishirini na saba." Ile mia mbili tuliisamehe. Nikajifunza kutaja na kunyamaza, maana alinieleza kwamba maneno yanayofuata bei ndiyo yanayoiua. Mbele ya kioo nilikuwa hodari. Akaja mteja wa kwanza, mwalimu, mtu mpole, akaushika mkoba kwa mapenzi na kuuliza. Nikavuta pumzi. "Laki moja na…" Akainua nyusi, tena kidogo tu, pengine alikuwa anafukuza nzi. "…lakini kwako tisini," nikamalizia, "na nitakutilia na kimfuko cha funguo, bure." Mtoto wa kaka yangu alikuwa ndani anasikiliza. Nilisikia kompyuta ikifungwa.

Wageni kutoka nje ni mtihani mwingine. Hao huletwa na papasi, na papasi ana bei yake aliyoipanga njiani, kamisheni imo ndani. Nimekaa kimya na sindano zangu huku mkoba wangu ukipanda hadi dola themanini, kisha tisini, mimi nikiona aibu kwa niaba ya watu wote watatu. Lakini siku aliyokuja mwanamke wa Kizungu peke yake, bila papasi, nilijiambia leo nitakuwa mwaminifu. Nikamtajia bei yangu ya kweli, ile ya nusunusu. Akashtuka. Akautazama mkoba ndani na nje, akaurudisha mezani taratibu, akasema kwao kitu kilichoshonwa kwa mkono hakiwezi kuwa rahisi hivyo. Akaondoka na wasiwasi wake. Jioni yake bibi mmoja wa mtaani aliuliza mkoba ule ule, akasikia bei ile ile, akanisomea astaghfirullah na kuniuliza kama nimeshona dhahabu ndani. Mkoba ukalala dukani, umekosa mume kwa urahisi na kwa ughali siku moja.

Lakini hakuna anayenishinda kama jirani zangu kwenye sikukuu ya Mfunguo Tatu. Watu wanachinja, alhamdulillahi, nyama inagawiwa, na ngozi inaniangukia mimi. Naamka nakuta mlangoni mfuko wa salfeti unaotoa majimaji, na juu yake mzee wa nyumba ya pili amesimama akitabasamu.

"Mwanangu, ngozi ninayo. Wewe ni ufundi tu."

Nikamweleza, kwa adabu zote. Ngozi mbichi si ngozi bado, Ami, ni nyama yenye manyoya. Inataka chumvi isioze. Inataka maji ya chokaa manyoya yalegee, kisha ikwanguliwe ndani na nje, ioshwe mpaka chokaa iishe. Halafu ndiyo ilazwe kwenye maji ya magome, wiki kwa wiki. Zamani magome ya mikoko ya pwani hii yalipakiwa majahazini na melini yakaenda kutengenezea ngozi huko Ulaya. Sasa watu hutumia zaidi unga wa miwati, mti uliopandwa mashamba kwa mashamba kule Njombe, ambako kampuni ya miwati iko tangu 1949. Hiyo ndiyo kazi, Ami, kabla sijashika hata sindano.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Ijumaa nitaupata mkoba wangu?"

Nikasema tuzungumze basi ujira. Hapo akawa faqihi. "Ningekwambia uchukue nusu ya ngozi iwe ujira wako. Lakini si unajua, mwanangu, mnyama wa kuchinja hatolewi ujira. Hata mchinjaji halipwi kwa ngozi yake."

"Najua, Ami. Hulipwa kutoka mfukoni."

"Ewaa. Basi."

"Basi nini?"

"Basi utanishonea tu."

Mwaka huo nilikubali, kwa sababu mkewe alinilea. Ngozi ya mbuzi ikaingia ndooni uani, na kusi ilikuwa inavuma kwa bidii. Ua wangu uko kusini mwa msikiti. Siku ya tatu nilipata habari kwamba watu wa safu ya nyuma wanatazamana kwa jicho baya, kila mmoja akishuku viatu vya mwenziwe, na kwamba kijana mmoja asiye na hatia amenunuliwa soksi mpya na wazee. Nilinyamaza. Kimfuko kilichotoka mwishowe kilikuwa kigumu, kikiwekwa mezani kinasimama chenyewe. Ami alikipokea kwa furaha, akaniombea dua ndefu, nami nikaitikia amina. Katika kitabu cha hesabu anachoniwekea mtoto wa kaka yangu kuna mstari unaosema "Mapato: dua".

Huyo huyo mtoto, kwa kutaka kusaidia, ndiye aliyenifanyia lile la mwisho. Nilikuwa nimelowesha kipande cha ngozi ya magome, kipana, kizuri, cha ubavu wa mbele wa mkoba, ili nikikunje. Yeye akaosha mkasi wa chuma na kuulaza juu yake ukauke. Chuma na ngozi ya magome havijawahi kupatana: ile tanini iliyomo hukutana na kutu ya chuma, na papo hapo inatokea rangi nyeusi. Ndivyo hasa walivyotengeneza wino wa vitabu zamani, na wino huo haukukusudiwa kufutika. Tulikuta doa la ukubwa wa kiganja. Nikalisugua kwa ndimu, likapauka pembeni, katikati likabaki. Ngozi nyingine sikuwa nayo. Boti yenye ngozi mpya ilikuwa haijaja kutoka Dar. Nikashona hivyo hivyo, nikautundika nyuma kabisa, ambako hata ukungu wa masika huona tabu kufika.

Akaja mama mmoja, mnene, mwenye haraka. Akapitisha macho kwenye mikoba yote misafi. Akanyoosha kidole hadi nyuma.

"Ule wenye Pemba."

Sikuelewa. Akaushusha mwenyewe. "Hii si Pemba? Huku Konde, huku Mkoani. Mimi mtu wa Wete, mwanangu, nitaacha kuijua?" Nikatazama. Kweli, kwa mbali, ukiwa mtu wa Wete. "Umechoraje?"

Nikafungua mdomo nimweleze habari ya mkasi. Mtoto wa kaka yangu alinikanyaga mguu. Mama akauliza bei, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kwa sababu ya maumivu ya dole gumba, nilitaja laki moja na ishirini na saba na nikashindwa kuendelea kusema. Akalipa.

Wiki iliyofuata akamleta dada yake. Anataka kama ule ule, lakini Pemba ikae katikati zaidi, na kama inawezekana visiwa vidogo vya pembeni vionekane. Nikamwangalia mtoto. Kitabu chake kina mstari wa ngozi, wa uzi, wa nta, wa kodi, wa faqihi hata. Hakina mstari wa doa.

"Ramani ni elfu kumi na tano juu," akasema yule mtoto, macho makavu.

"Haya," akasema dada mtu, "lakini iwe ngozi ya kweli, sitaki hizi za madukani." Akaingiza mkono ndani ya buibui, akatoa pochi kunilipa arubuni. Ya plastiki, imechunika pembe zote nne, na kibandiko cha bei bado kimo ndani.