Fasili ya Kitambi na Adabu za Kuagana Nacho

Neno kitambi lina maana mbili katika Kiswahili: ya kwanza ni kitambaa cha kujifunga kiunoni, na ya pili ni tumbo lililotokeza mbele kwa sababu ya unene, na ingawa vitu hivyo viwili hukaa mahali pamoja, tofauti yao ya msingi ni kwamba cha kwanza hufunguliwa usiku kikatundikwa msumarini, ilhali cha pili hulala na mwenyewe na kuamka naye. Insha hii inahusu kitambi cha pili, pamoja na misukosuko inayompata mtu mzima anayetaka kukiondoa kwa wiki moja baada ya kukilea kwa miaka kumi.

Kitambi hujengwa kwa ziada ya kalori, yaani nishati ya chakula ambayo mwili umeipokea bila kuitumia, ukaiweka akiba kwa sura ya mafuta. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina takriban gramu 4, sawa na kalori 16, kiasi ambacho hakimtishi mtu yeyote. Lakini anayekunywa vikombe 4 kwa siku, kila kimoja na vijiko vyake 3, huwa amemeza kalori 192. Kwa kuwa kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700, hesabu ya karatasini, ambayo mwili hauifuati kwa utiifu kamili, inaonyesha kwamba ikiwa sukari hiyo yote ni ya ziada, kilo moja hutimia baada ya siku 40. Wahenga waliosema siku za mwizi ni arobaini huenda hawakuwa na sukari mawazoni, lakini mkanda wa suruali ndio humkamata mwizi huyu, na humkamata kwa kugoma kufika kwenye tundu lake la kawaida.

Mtafitiwa wa insha hii ni mfanyakazi wa ofisini, mkazi wa Dar es Salaam, ambaye mwandishi anamfahamu kwa karibu mno kwa kuwa wanavaa suruali moja. Jaribio lake la kwanza lilianza Jumatatu, siku ambayo maazimio yote huanzia, na lilihusu maji ya uvuguvugu yenye ndimu asubuhi, kabichi ya kuchemsha mchana, na hasira usiku. Ijumaa alipanda mizani ya kijana wa kando ya barabara, ikaonyesha kilo 3 pungufu, naye akatangaza ushindi kwa kila aliyekuwa kituoni. Hakujua kwamba sehemu kubwa ya uzito unaoondoka katika siku za mwanzo si mafuta bali ni maji, kwa sababu mwili unaponyimwa chakula hutumia kwanza glikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa kwenye ini na misuli, ambao hukaa pamoja na maji yanayofikia takriban mara tatu ya uzito wake. Jumamosi palikuwa na harusi, penye harusi pana pilau, na Jumatatu iliyofuata kilo zote 3 zilikuwa zimerejea bila hata kupiga hodi. Mtafitiwa aliilaumu mizani, akalipia ya kijana wa pili, kisha ya wa tatu, mpaka alipotambua kwamba vijana wote wa mjini hawawezi kuwa wamemlia njama.

Jaribio la pili lilikuwa la mazoezi. Raba mpya zilinunuliwa, traksuti ikanunuliwa, na njia ya kukimbilia ikachaguliwa kwa uangalifu kuelekea ufukwe wa Coco, wenye upepo safi wa bahari na, kwa bahati mbaya ya kitaaluma, mihogo ya kukaanga inayotolewa ikiwa moto pamoja na kachumbari, pilipili na mishkaki. Kutembea kwa haraka nusu saa hutumia takriban kalori 150 kwa mtu wa kilo 70. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina takriban kalori 120, na muhogo ulioogelea karaini haukutoka humo na kijiko kimoja. Kwa hiyo mtafitiwa alikwenda mbio, akala, akarudi kwa bajaji, na mwisho wa mwezi zilizopungua ni soli za raba.

Kikwazo cha tatu ni jamii, kwa maana pale ambapo unene husomwa kama cheti cha maisha kunyooka, kukonda husomwa kama taarifa ya tanzia. Shangazi yake, alipoona mashavu yameingia ndani katika siku za kabichi, alimvuta pembeni akamuuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, unaumwa? Au huko nyumbani hupikiwi?" na kabla jibu halijapatikana, hotpoti la wali wa nazi lilikuwa limeshafika mezani.

Kilichofaulu hatimaye hakikuwa na jina wala siku ya uzinduzi. Vijiko 3 vya sukari vikawa 2, na baada ya miezi kadhaa, ulimi ulipozoea, kikabaki kimoja. Ugali ulipunguzwa matonge mawili na nafasi yake ikachukuliwa na mchicha. Na mtafitiwa akaanza kushuka daladala vituo viwili kabla ya chake ili atembee dakika 30, siku 5 kwa wiki, jumla ya dakika 150, ambazo ndizo kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani humpendekezea mtu mzima. Kasi inayoshauriwa na wataalamu, ya nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, huonekana kuwa ya kobe, na yeye hata hiyo hakuifikia. Lakini bandu bandu huisha gogo, na shoka dogo lina faida ambayo kubwa halina, kwamba kesho yake mtu bado anaweza kulinyanyua. Hakuna aliyegundua ila fundi cherehani, ambaye baada ya mwaka mmoja aliletewa suruali ile ile aipunguze kiuno, akakumbuka kwamba mara ya mwisho aliletewa aipanue.

Hukumu ya insha hii ni kwamba mlo ambao mtu hawezi kuula kwa miaka kumi ijayo haumfai hata wiki hii. Msomaji anayesubiri Jumatatu anashauriwa asiisubiri: aanze na kikombe kinachofuata, na apunguze kijiko kimoja.