Sifa za Mpira wa Majitaka

Wenye kusifu wamesifu mnazi, jahazi na kanga. Mpira wa majitaka wa gari-nyumba, ule wa plastiki wenye mikunjomikunjo na upana wa inchi 3, haujapata hata wa kuupigia makofi. Leo naupigia mimi.

Pita kwenye kambi ya magari-nyumba Marekani Ijumaa jioni ujionee. Tela lenye jiko, bafu na televisheni linaingia kinyumenyume. Mke kasimama nyuma anapunga mikono, mume anaubishia kila mkono anaouona kwenye kioo. Kisha pimamaji, vibao chini ya tairi, kabari. Hapo ndipo tela hufunguliwa kutoka kwenye gari, na atakayefungua kabla ya kabari atalikimbilia mteremkoni. Unachomekwa waya wa umeme wa ampea 30 au 50, unafungwa mpira wa maji safi. Yote kwa mbwembwe, majirani wakitazama vitini, bia mkononi.

Ikifika zamu ya mpira wetu, ghafla kila mtu ana simu ya kupiga.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na mpira huu huwainamisha daktari wa meno na jenerali mstaafu kwa kipimo kimoja: magoti kwenye kokoto, glavu mikononi, pua pembeni. Gari lenyewe laweza kuzidi dola 300,000. Mpira hauulizi.

Matangi ya majitaka ambayo mpira huu huyamwaga ni mawili: jeusi la choo, na la kijivu la maji ya sinki na bafu. Jeusi hutangulia, kijivu hufuata ili kuusuuza mpira. Ukipindua utaratibu hautalalamika. Utakungoja siku ya kuondoka, uukunje ukiwa umevaa shati safi.

Na subira hakuna aifundishaye vizuri kuliko mpira huu. Mjanja huiacha koki ya tangi jeusi wazi tangu siku ya kwanza, ati mambo yajiendee. Maji hujiendea kweli. Yasiyo maji hubaki, yakalundikana, yakakauka, yakawa kichuguu ambacho hakuna dawa ya dukani itakayokibembeleza. Wazoefu hufunga koki mpaka tangi lifike theluthi mbili, kisha huachia yote kwa kishindo, nyuso zao zikiwa na furaha ambayo sijaiona hata harusini.

Hollywood nayo imeutambua. Katika filamu iitwayo RV, yaani gari-nyumba, ya mwaka 2006, Robin Williams alihangaika na tangi la namna hii hadi uchafu ukaruka hewani, na ni nadra mtu aliyeiona kulisahau tukio hilo. Mandhari ya milima, nani anaikumbuka?

Basi ukialikwa kambini na ndugu zako wa Texas au Minnesota, watakwambia wewe ni mgeni, kaa upumzike. Wakianza kusifia nguvu za mikono yako, vaa glavu.